Mazoea Mema Yanapotuzuia Kumsikia Mungu



Tukisikia kwamba tuache mazoea ili tumfuate Mungu, wengi wetu hufikiria dhambi: ulevi, usengenyaji, uvivu. Hizo kweli tuziache. Lakini yapo mazoea ambayo hayana ubaya, pengine hata watu huyasifu, na bado yanatuziba masikio Mungu anapotuita kwenye jambo jingine. Mtakatifu Inyasi wa Loyola anatusaidia kuyatambua.

Inyasi darasani

Mwaka 1521 Inyasi alijeruhiwa mguu kwa mzinga vitani huko Pamplona, Hispania. Alipokuwa akiuguzwa nyumbani aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa, kama alivyozoea. Havikuwapo. Akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu, na hapo safari ya wongofu wake ikaanza.

Miaka mitatu baadaye, mtu mzima wa miaka zaidi ya thelathini, alianza kujifunza sarufi ya Kilatini huko Barcelona ili aweze kuzisaidia roho za watu. Kila alipojaribu kukariri masomo, alijiwa na mawazo matamu ya kiroho, na sarufi haikuingia kichwani. Akajiuliza: mbona mawazo haya hayanijii kwa nguvu namna hii hata ninaposali au ninapokuwa kwenye Misa? Akatambua kwamba ni kishawishi. Alimwomba mwalimu wake waende katika kanisa la Santa Maria del Mar, akamweleza yote, akaahidi kumsikiliza darasani kwa miaka miwili bila kukosa, maadamu atapata mkate na maji. Kishawishi hicho hakikumsumbua tena.

Swali la kujiuliza

Sala haikuwa tatizo la Inyasi. Tatizo lilikuwa kukimbilia utamu wa kiroho saa ambayo Mungu alimtaka akariri sarufi. Basi haitoshi kuuliza, "Je, jambo hili ni jema?" Tuulize pia, "Je, ndilo Mungu analoniomba sasa?"

Mseminari anaweza kubaki kanisani wakati wenzake wanalima bustani, na mwingine akajificha nyuma ya vitabu kengele ya sala inapolia. Mwanakwaya hakosi zoezi hata moja, kumbe nyumbani kuna mgonjwa anayemsubiri. Mzee wa jumuiya ameongoza sala kwa miaka mingi kwa uaminifu, lakini hajawahi kumwachia kijana nafasi ajifunze. Wote hawa wanafanya mema, na kwa sababu ni mema, ni vigumu kwao kuona kwamba wanajitafutia raha.

Tufanye nini?

Kwanza, tuchunguze dhamiri kila siku, jambo ambalo Inyasi alilisisitiza sana. Tumshukuru Mungu, kisha tupitie siku yetu: ni wapi leo nilipoona ninaitwa, nikasema "baadaye"? Jibu likijirudia siku kadhaa, hapo pana mazoea ya kuachwa.

Pili, tuyakabili mazoea hayo kwa kitendo kidogo cha kwenda kinyume. Katika Mazoezi ya Kiroho, Inyasi anashauri kwamba mtu akiwa na ukavu wa roho na kutamani kuifupisha saa ya sala, akae kidogo zaidi ya saa hiyo. Vivyo hivyo, anayekwepa kumtembelea mgonjwa aende leo, hata kwa dakika chache.

Tatu, tusiwe na haraka. Si kila hamu ya mabadiliko inatoka kwa Mungu. Inyasi anaonya kwamba wakati wa ukavu wa roho tusibadili maamuzi tuliyoyafanya tulipokuwa na amani. Anayetaka kuacha wito, ndoa au utume kwa sababu tu amechoka, asubiri kwanza na asali.

Nne, tuseme wazi. Inyasi alimwendea mwalimu wake. Sisi tunao walezi wa kiroho, mapadre waungamishi, na wenzi wetu wa ndoa. Mara nyingi wao huona mapema kile ambacho sisi tumekizoea.

Tumwombe Roho Mtakatifu atupe masikio ya kusikia, na moyo mwepesi wa kuinuka pale tulipoketi kwa raha.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, utuombee.