Eneo la mafuriko: hatua ambazo halmashauri hupitia kabla ya kuweka masharti

Kwa wakazi wengi wa mabondeni, alama ya X iliyopakwa ukutani kwa rangi nyekundu ndiyo taarifa ya kwanza wanayoipata. Alama hiyo peke yake si sheria. Inapaswa kutokana na sheria iliyokwisha kutungwa, na mwenye nyumba ana haki ya kuuliza ni ipi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au ufukwe wa bahari. Zuio hilo ni la Tanzania Bara yote. Hata hivyo, maji hayaishii mita 60. Mafuriko ya Desemba 2011 katika Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, yaliua watu na kulazimu kaya kuhamishiwa Mabwepande.

Halmashauri inayotaka kudhibiti ujenzi, utupaji taka au uchimbaji mchanga katika eneo pana zaidi hutunga sheria ndogo, kwa mujibu wa Sura ya 287 kwa wilaya na Sura ya 288 kwa mamlaka za miji. Rasimu hutangazwa kwanza, na wananchi hualikwa kuwasilisha pingamizi au maoni kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa. Hapa ndipo wengi hupoteza nafasi, kwa kuwa tangazo hubandikwa katika ofisi ya kata na halisomwi. Baada ya Baraza la Madiwani kupitisha, rasimu hupelekwa kwa Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa. Akiridhia, huchapishwa katika Gazeti la Serikali. Vijijini, serikali ya kijiji hupendekeza, mkutano mkuu wa kijiji hujadili, na halmashauri ya wilaya huidhinisha.

Kutangaza ardhi kuwa hatarishi ni jambo jingine. Chini ya kifungu cha 7 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, mamlaka hayo ni ya Waziri wa Ardhi, si ya halmashauri, na wanaoikalia hupaswa kuelezwa sababu na kusikilizwa kabla ya tamko kutolewa.

Anayetaka kuthibitisha aombe kwa mtendaji wa kata au mwanasheria wa halmashauri namba ya Tangazo la Serikali na tarehe ya kuchapishwa kwake.