Unataka Kujitengenezea Joistiki ya Tekken? Cheki Bodi Kwanza Usichome Doh

Wasee wa Namboboto, Funyula na Busia town, hii mnaijua. Base ya gemu iko na kontrola nne. Mbili stiki zimelegea hadi mchezaji anatembea mwenyewe bila kuguswa, na ya tatu kitufe cha X hakishiki mpaka ukikamue ka chungwa. Ndio maana kuna mbogi imeanza kusema, si tujitengenezee zetu za mbao, na joistiki kubwa ya mpira juu ka zile za mashine za gemu za kuweka sarafu? Inawezekana, na si ngumu vile inakaa. Shida ni wengi huanza na kununua vitufe vinang'aa, alafu mwisho kabisa ndio wanagundua hiyo kitu haiongei na konsoli yao.

Kabla utoe hata bob, jiulize unacheza nini. Ka ni FIFA, achana na hii mambo. Chini ya joistiki kuna swichi ndogo 4 pekee, so inajua pande 8 basi. Haijui umesukuma kidogo ama sana, na FIFA bila hiyo ni mateso. Hii ni ya Tekken, Street Fighter na Mortal Kombat. Na usicheke hizo gemu: Sylvia Gathoni, yule QueenArrow, alisainiwa na XiT Gaming mwaka wa 2018 ju ya Tekken.

Sasa bodi. Hii ndio kile kipande kidogo vitufe vyote vinaunganishwa, alafu kinatoa waya moja ya USB. Ile ya bei ya chini kabisa inaitwa Zero Delay, na huja kwa paketi pamoja na nyaya zake zote. Jina linasema haicheleweshi, lakini jina ni jina tu, inachelewesha. Kwa kompyuta inafanya kazi fiti. Kwa PS4 na PS5 sahau, ju Sony huuliza kifaa kitambulisho na hiyo bodi haina. Ya katikati ni Raspberry Pi Pico, ilitoka 2021 ikiuzwa dola 4, unaiwekea programu ya bure inaitwa GP2040-CE. Hiyo ni kali sana kwa kompyuta. Lakini kwa PS4 bila kitambulisho utacheza dakika kama 8 ikatike, na Murphy anajua itakatika raundi ya mwisho. Ka base yenu ni ya PS4, tafuta bodi za Brook zenye zinaitambua hiyo konsoli. Ni ghali, lakini hapa ndio pesa yako inafaa kuenda kwanza. Joistiki mbovu unaeza badilisha mwezi ujao. Bodi isiyoongea na konsoli ni mapambo.

Ukishamaliza hapo, sasa kuja kwa joistiki yenyewe. Jina utasikia kila mahali ni Sanwa JLF ya Japani. Springi yake ni laini, inasukumwa na vidole viwili, na geti yake ni ya mraba, so kona za mshazari unazigonga bila kufikiria. Seimitsu LS-32 pia ni ya Japani, ngumu kidogo mkononi, na kuna watu hawawezi kurudi JLF wakishaizoea. Za Korea ni kitu ingine: badala ya springi ziko na raba, geti ni duara, na ukiachilia inarudi katikati haraka. Wachezaji wengi wa Tekken wa Korea wanaapa kwa hizo. Kwa beginner, mimi ningesema JLF, lakini ya ukweli. Feki zimejaa, na ukiona bei imekaa ka ya mandazi, jua ni feki.

Za Marekani, aina ya Happ, hazina sifa hizo zote. Ni nzito, mpini ni mrefu ka rungu, na zinataka mkono wote. Lakini sikiza: hizo zilitengenezwa zipigwe na watoto siku nzima. Hata vitufe vyake swichi imekaa nje chini, ikikufa unaitoa na kuweka ingine, kitufe kinabaki. Kwa Sanwa watu hubadilisha kitufe kizima. So ka unaweka base yenye watu ishirini wanashika kontrola moja na vidole vya chipo, chukua aina ya Marekani. Ka ni yako keja, chukua Sanwa.

Usichanganye hizo aina kabla ya kuongea na fundi wa mbao. Vitufe vya Sanwa vikubwa vinataka shimo la milimita 30, vya Start milimita 24. Vya Marekani ni kama 28. Fundi akishatoboa 28, Sanwa haingii. Cheki pia unene: Sanwa OBSF inabanwa na masikio ya plastiki, inapenda bati ama plastiki nyembamba. Kwa plywood nene unataka OBSN, yenye inafungwa na nati. Na vichwa vya nyaya pia havifanani, Sanwa ni milimita 2.8, swichi za Happ kawaida ni 4.8. Ukikosea hapo utalehemu moja moja hadi usiku.

Doh ikiwa kidogo kabisa, toa joistiki. Serious. Weka vitufe vinne mahali pake: kushoto, chini, kulia, na juu chini ya kidole gumba. Pico pamoja na vitufe kumi na kitu, umemaliza. Siku za kwanza mkono utachanganyikiwa, utapigwa hadi na mtoto wa jirani.

Mwisho, wale mnapanga kuvuka Busia ama Malaba kutafuta hizi vitu upande wa Uganda: ule mpango rahisi wa ushuru wa wafanyabiashara wadogo, wa mzigo usiozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki. Joistiki ya China haikuwi ya Uganda ju umeinunua Uganda. Hesabu ushuru kwa bei kabla uambie fundi atoboe ubao.