Je, Wajua? Namba Iliyojificha Ndani ya Maniema

Eneo la Jimbo la Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambalo Kabambare na Kasongo ni wilaya zake za kusini, huandikwa kuwa kilomita za mraba 132,250, na namba hiyo ina uzuri wa pekee. Ikivunjwa katika namba tasa, yaani zile zisizogawanyika kikamilifu ila kwa 1 na kwa zenyewe, hutoa 2 × 5 × 5 × 5 × 23 × 23, hivyo ina vigawo 24. La ajabu zaidi ni kwamba 345 × 345, ambayo ni 119,025, ikijumlishwa na 115 × 115, ambayo ni 13,225, hutoa 132,250 barabara, kana kwamba jimbo zima limekatwa kuwa miraba miwili, upande wa mmoja ukiwa mara tatu ya upande wa mwingine. Si kila namba hukubali kugawanywa hivyo, kwa kuwa namba tasa inayobakiza 3 ikigawanywa kwa 4, kama 23, sharti ijitokeze mara shufwa, na hapa imejitokeza mara mbili. Msomaji mwenye kalamu na ajaribu pia miraba ya 299 na 207.