Kwa nini weldi ya alumini hutoka nyeusi na yenye vitundu

Mkebe wa maziwa wa alumini ukipasuka, wafugaji wengi humpelekea fundi yule yule anayechomelea mageti. Akiuchomelea kama geti, weldi hutoka nyeusi na yenye vitundu. Hata kama hauvuji, maziwa hujificha humo, brashi haiyafikii, na kesho yake maziwa mapya yanachacha kabla ya kufika kituo cha kupozea. Hapo hurudishwa, na hasara ni ya mfugaji.

Alumini ina ngozi. Ikiguswa na hewa tu huvaa utando mwembamba wa oksidi. Alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, lakini utando huo huhitaji zaidi ya 2,000. Usipouondoa, ndani kunakuwa maji huku juu ngozi bado imesimama, na vipande vyake huzama ndani ya weldi.

Usafi una mpangilio wake. Mkebe uoshwe kwa maji moto na sabuni, kwa sababu mafuta ya maziwa hung'ang'ania, kisha ukauke kabisa. Futa mahali pa kuchomelea kwa asetoni, uiache iishe yote. Brashi ndiyo ya mwisho; ukianza nayo unayapaka mafuta ndani ya mikwaruzo. Iwe ya waya usioshika kutu, na isiwe imewahi kugusa chuma kingine. Usitumie kamwe dawa ya kusafishia breki: zile zenye klorini zikikutana na mwanga wa weldi hutoa fosijini, gesi ya sumu iliyoua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Vitundu vyenyewe huletwa na haidrojeni. Alumini iliyoyeyuka huinywa kwa wingi, na ikiganda huitema, mapovu yakabaki yamenaswa. Haidrojeni hiyo hutoka kwenye mafuta, rangi, umande, hata waya wa kuchomelea uliokaa wazi ukashika unyevu. Ukimaliza kazi, funga waya kwenye mfuko mkavu.

Kwenye mashine ya MIG, gesi iwe agoni tupu. Ule mchanganyiko wenye kaboni dayoksaidi, ambao mafundi wa mageti wanao tayari, haufai hapa. Upepo nao huifukuza gesi, kwa hiyo kazi ya uani inahitaji kizuizi. Waya wa alumini ni laini na hujikunja njiani, ndiyo maana rola zake huwa na mfereji wa umbo la U na ndani ya bomba huwekwa mrija wa Tefloni.

Tochi isukumwe mbele, imeinama nyuzi 10 hadi 15, isivutwe. Ukivuta, masizi meusi hubaki juu ya weldi. Alumini hunyonya joto haraka: mwanzo hukataa kushika, mwisho hutoboka, basi ongeza mwendo kadiri unavyosonga. Ukifika mwisho usikate ghafla. Rudi nyuma kidogo ujaze kishimo, maana hapo ndipo nyufa huanzia. Bati lililo chini ya milimita 3 ni gumu kwa MIG, na sisi tungelipeleka kwa fundi mwenye TIG.

Kabla ya kulipa, jaza mkebe maji, uufute nje ukauke, uuweke juu ya karatasi kavu hadi asubuhi.