Bibi Aliyedai Kura: Ni wa Ukoo Wetu?

Askari mmoja mwenye asili ya kisiwa cha Chula alituletea jambo ambalo twaona lawahusu wengi. Kwao husimuliwa kwamba bibi mmoja wa ukoo, aliyeolewa Mombasa, alikuwa miongoni mwa wanawake waliodai kura enzi za mkoloni. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ni damu yao? Ofisi yetu si baraza la nasaba. Lakini upelelezi ni upelelezi, uwe wa mwizi au wa bibi.

Msingi wa masimulizi hayo upo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Kenya iliwaruhusu kupiga kura wanaume waliohesabiwa Waarabu, ikawanyima wake zao na binti zao, hali wanawake wa Kizungu na wa Kihindi walikuwa wakipiga. Bibi Shamsa Muhamad Muhashamy wa Mombasa aliwakusanya wenziwe wakapeleka ombi la maandishi. Maisha yake yameelezwa katika kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel cha mwaka 1989.

Kwa hiyo swali la kwanza si jina la bibi, bali aliandikwa kabila gani. Ombi lile lilikuwa la walioitwa Waarabu. Mbajuni wa Koyama au Chovai hakuingia humo hivi hivi. Jina nalo lahadaa: Fatuma binti Ali wamejaa pwani nzima. Ulizeni jina la mama yake, jina la utani, mtaa alioolewa, na nani alikuwa somo wake. Mashahidi wawili wasiokaa nyumba moja wakikubaliana, hapo pana neno.

Mipaka pia yapoteza watafutaji. Hadi mwaka 1925 Kismayu na visiwa vyake vilitawaliwa na Waingereza pamoja na Mombasa. Ndipo Jubaland ikakabidhiwa Waitalia. Bibi aliyezaliwa kabla ya hapo atafutwe katika karatasi za Kenya. Mdogo wake, wa tumbo moja, huenda yumo katika za Kiitalia. Tangu vita vya 1991 wazee wengi waliojua nasaba hizo walihamia Lamu na Mombasa, na wengine wamekwisha kufariki. Huko ndiko kwa kuanzia, na mapema.

Upande wa Somalia, uchaguzi wa 1956 ulikuwa wa wanaume. Wanawake walipiga kura ya bunge mwaka 1959. Hawo Tako, aliyeuawa Mogadishu katika ghasia za Januari 1948, aliwania uhuru wa nchi, si kura peke yake, na hakuiona siku hiyo. Ukoo unaodai kuwa wake usichanganye mambo hayo mawili.

Kwa polisi tuna habari ya ziada. Uingereza, wanawake waliodai kura walikamatwa kwa mamia, na serikali ikaweka orodha ya waliokamatwa kati ya 1906 na 1914, majina zaidi ya 1,300. Leo wajukuu huifungua orodha hiyo kwa fahari kumtafuta bibi yao, na aliyemhifadhi ni karani wa upande uliomtia ndani. Katika sensa ya 1911, kinyume chake, baadhi yao walikataa kuhesabiwa, wengine wakalala nje ya nyumba zao usiku ule. Humo huenda hawamo.