Motokaa Inayovuja Oili

Mpale ni kijiji cha milimani katika Wilaya ya Korogwe. Motokaa itokayo bondeni haina budi kukwea kwa gia ndogo muda mrefu, injini ikinguruma na kupata moto. Tuseme basi kwamba Land Rover ya zamani imefika juu, abiria wameshuka, magunia yameteremshwa, na dereva amekwenda kunywa chai. Watoto wakichungulia chini yake waona tone jeusi likianguka mchangani, kisha la pili, kisha la tatu. Na jioni motokaa hiyo yatakiwa kumchukua mgonjwa hata hospitali ya Korogwe. Je, iende au isiende? Na kama ina ugonjwa, ugonjwa wenyewe uko wapi?

Watu wengi hudhani kwamba oili ni kama petroli, yaani chakula cha injini. Sivyo. Petroli huchomwa ikaisha, lakini kazi ya oili ni kukaa katikati ya chuma na chuma. Mhimili mkuu wa injini, ambao mafundi huuita kranki, waweza kuzunguka mara 2,000 kwa dakika, yaani zaidi ya mara 33 kwa kila sekunde. Hauzunguki juu ya chuma kitupu, bali juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu kutoka katika karai lililo chini ya injini, liitwalo sampu. Oili ikipungua mno, pampu huvuta hewa, hasa motokaa inapoinua pua mlimani, kwa kuwa oili kidogo iliyosalia hukimbilia upande mmoja wa sampu. Hapo chuma hukwaruza chuma, hupata moto, hushikana. Madereva husema kwamba injini imenoki, na gharama ya kuifufua ni kubwa kuliko ya madebe mengi ya oili.

Tone moja ni kitu kidogo, walakini hesabu yake yafaa kufanywa. Tukikadiria kwamba matone 30 hujaza mililita 1, basi motokaa idondoshayo tone moja kila sekunde hupoteza mililita 120 kwa saa, na katika muda wa saa 8 na dakika 20 imepoteza lita nzima. Injini ya petroli ya Land Rover nyingi za zamani, ile ya silinda nne na ukubwa wa lita mbili na robo, huchukua oili kiasi cha lita 6. Tena injini ikiwa inakwenda, pampu husukuma oili kwa nguvu, nayo huvuja upesi kuliko motokaa ikisimama. Kwa hiyo jambo la kwanza si kutafuta tundu, bali ni kujua imebaki oili kiasi gani. Motokaa husimamishwa mahali palipo sawa, injini huzimwa, na dakika chache hupita ili oili iteremke sampuni. Kisha kijiti cha kupimia huchomolewa, hupanguswa, hurudishwa mpaka mwisho, na kuchomolewa tena. Kipimo cha mara hii ya pili ndicho cha kuaminiwa.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba kidondokacho ni oili ya injini. Maji ya rejeta ni mepesi kama maji mengine, hata yakiwa yametiwa rangi. Mafuta ya breki mara nyingi ni maangavu au ya manjano, nayo huonekana karibu na magurudumu. Yakiwa ni hayo, motokaa isitoke kabisa. Oili ya giaboksi ni nzito, na harufu yake ni kali, yenye kitu cha kiberiti ndani yake. Oili ya injini iliyokwisha tumika ni ya hudhurungi au nyeusi, na huteleza vidoleni.

Sasa ndipo mtu atafute tundu, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Huingia chini, huona boliti ya sampu inatona, huikaza kwa nguvu zote, na kesho tone li pale pale. Nyumba ya bati ikivuja wakati wa mvua, maji huanguka juu ya kitanda, lakini tundu liko mbali, karibu na paa. Maji yamefuata boriti mpaka yakachoka. Ndivyo ilivyo oili. Hutoka juu, huteremka ubavuni mwa injini, upepo wa feni huisukuma nyuma, na mwisho hudondoka penye pembe ya chini kuliko zote. Mahali pa tone hutuambia tu kwamba tundu liko juu yake au mbele yake.

Injini ya zamani ina utandu wa oili na vumbi la miaka mingi, na juu ya uchafu huo hapana fundi awezaye kuona kitu. Kwanza basi injini iachwe ipoe, isafishwe kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, mbali na moto wowote, kisha ioshwe kwa sabuni na kukaushwa. Distributa na nyaya za plagi zifunikwe zisiingie maji. Tena mtu asiingie kamwe chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Magurudumu yatiwe vigingi, na chuma cha motokaa kikalishwe juu ya magogo imara.

Injini ikiisha kauka kabisa, kitu cha darasani chaweza kuwa chombo cha fundi. Chaki husagwa ikawa unga, na unga huo hupakwa kwa brashi laini juu ya maungio yanayotiliwa shaka. Injini huwashwa ikanguruma kwa dakika kadhaa, kisha huzimwa. Juu ya weupe wa chaki oili huandika mstari mweusi. Fundi huufuata mstari huo kwenda juu, na unapoanzia ndipo penye tundu.

Mara nyingi huanzia juu kabisa, chini ya kifuniko cha valvu. Katikati ya kifuniko na injini pana gasketi, ambayo katika injini hizi ni ya gome jepesi, namna ile itumiwayo kwa vizibo vya chupa. Miaka ikipita, moto huikausha ikawa ngumu na kupasuka. Kukaza nati zaidi ndiko kunakomaliza kuiponda, au kukipinda kifuniko chenyewe. Dawa yake ni kukifungua, kukwangua mabaki yote ya gasketi kuukuu pande zote mbili, kuweka mpya, na kukaza nati kidogo kidogo kwa zamu, si moja mpaka mwisho kisha ya pili. Kazi hii yaweza kumalizika kabla ya jioni, na gasketi si ghali.

Lakini kabla ya kulaumu gasketi, fundi mwenye akili hukitazama kifuniko cha tundu la kutilia oili. Katika injini nyingi za zamani kifuniko hicho ndicho pua ya injini. Kila petroli ichomwapo, moshi kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia ndani ya injini, nao hauna budi kutoka. Wavu wa kifuniko ukizibwa na vumbi na oili iliyoganda, moshi hujaa, hutafuta njia nyingine, na kuisukuma oili ipite hata penye gasketi nzima. Watu wamebadili gasketi mara tatu kwa sababu ya wavu ambao ungeoshwa kwa mafuta ya taa kwa dakika tano. Ikiwa wavu ni safi na moshi mwingi bado wapumua hapo, basi pistoni na pete zake zimechakaa, na hiyo ni kazi nyingine kubwa.

Oili ikionekana imerushwa kwa duara karibu na feni, sili ya mbele ya kranki imelika. Ikitoka penye boliti ya kumwagia oili, washa yake ya shaba nyekundu imekuwa ngumu. Huweza kuchomwa motoni mpaka iive nyekundu, ikapozwa, nayo hulainika tena.

Sili ya nyuma ya kranki haionekani, kwa maana imejificha mbele ya klachi. Watengenezaji wa Land Rover, ambazo za kwanza zilitoka Uingereza mwaka 1948, waliacha tundu dogo chini ya sanduku la chuma lifunikalo klachi. Lina kizibo chake cha skrubu, ambacho hutiwa motokaa inapovuka maji mengi, kisha huondolewa. Dereva anayekiona kizibo kama dawa ya kuvuja na kukiacha humo siku zote ajiharibia mwenyewe: oili hujaa ndani, hulowesha klachi, na mlimani injini hunguruma bure huku motokaa haivuti. Tundu likiachwa wazi, hutoa habari. Tone jeusi ni la sili ya injini; tone zito lenye harufu kali ni la giaboksi. Kuibadili sili hiyo ni kazi ya gereji, maana viti na sakafu hufunguliwa na giaboksi yenyewe kuondolewa.

Basi ile Land Rover ya Mpale, ikiwa ni sili ya nyuma na matone ni ya polepole, yaweza kuteremka. Sampu hujazwa mpaka alama ya juu, wala si kupita, debe dogo la oili huwekwa chini ya kiti, na njiani kijiti hutazamwa tena. Taa ya oili ikiwaka, injini huzimwa papo hapo, hata kama Korogwe inaonekana kwa macho. Na asubuhi yake dereva hutandika karatasi safi chini ya motokaa kabla ya kuiwasha, akahesabu matone.