Marekani: Ndoano mpya ya bunduki yaweza kumgeukia mwindaji

Huko Marekani, wawindaji wengi hubadilisha ndoano inayovuta ganda la risasi katika Remington 700, bunduki iliyotoka mwaka 1962. Wanailaumu ile ya kiwandani kwamba ni nyembamba mno. Ni kweli, lakini inakaa ndani ya duara la chuma linalozunguka kitako cha ganda, bila kulikata. Ili kuweka ndoano pana ya aina ya Sako, fundi hutoboa mwanya katika duara hilo. Siku ganda likipasuka, gesi ya moto inapitia hapo, na ndoano yenyewe yaweza kuruka. Hata anayesimama pembeni hayuko salama. Mafundi wengine hukataa kazi hiyo. Wanarudishia ndoano nyembamba, mpya.